Sauti Ilikwenda Wapi?

Leo twataka kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani kwetu hapa Lubumbashi. Si jambo kubwa la kuandikwa vitabuni. Ni habari ya kompyuta iliyonyamaza. Lakini kwa sababu ya kunyamaza kwake tulimwonea kijana asiyestahili, tena tulikuwa karibu kufuta kwa mikono yetu wenyewe kitu kisichoweza kununuliwa tena. Twaandika ili mwingine akipatwa na jambo kama hilo asipite njia tuliyopita sisi.

Nyumbani kwetu anakaa kijana mmoja, mtoto wa ndugu yetu mdogo aliyefariki. Tumemlea tangu alipokuwa na miaka 9. Sasa ni mtu mzima, na kazi yake ni kutengeneza filamu za arusi. Watu humletea picha walizopiga, naye huzikata, huziunga, hutia nyimbo, kisha huwapa bwana na bibi arusi ukumbusho wao. Kazi hiyo huifanya kwa kompyuta ya mezani, mashini ya ofisi iliyokwisha kutumika Ulaya kabla ya kufika huku, kama zilivyo nyingi katika miji yetu.

Ndani ya mashini hiyo kulikuwa na kitu chenye thamani kupita arusi zote. Baba yetu mzazi alifariki mwaka 1999. Miaka mitatu kabla ya kufa kwake, yaani mwaka 1996, aliketi mbele ya radio yenye kaseti, akasema kwa muda wa dakika 40. Alieleza jinsi alivyotoka Kasenga, kwenye mto Luapula, mwaka 1952, juu ya lori lililojaa samaki wakavu, akaingia mji huu ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Alieleza alivyopata kazi katika reli. Mwisho akawataja wazee wake mmoja mmoja, hata kizazi cha sita.

Kaseti hiyo ilichakaa. Kijana wetu alipoisikia inaanza kulia vibaya, aliihamisha sauti yote katika kompyuta. Alifanya vema, maana miezi michache baadaye radio iliumeza utepe, ukakatika vipande vipande. Tangu siku hiyo sauti ya Baba ilikuwa katika kompyuta ile tu, wala si mahali pengine. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, nasi tutalirudia.

Mama yetu, ambaye wajukuu wote humwita Nkambo, yungali hai. Macho yake yamekwisha kufifia, lakini masikio yake ni mazima. Kila siku ya Mungu jioni humwita kijana: «Mjukuu wangu, nifungulie mzee.» Naye hukaa karibu na vipaza sauti, ambavyo huku kwetu twaviita mabafle, akamsikiliza mumewe mpaka mwisho.

Basi, katika mwezi wa nane wa mwaka 2024, kijana alitujia na shauri. Kompyuta yake haikuwa na kadi ya picha ya peke yake. Picha zilitengenezwa na sehemu ndogo iliyo ndani ya chipu kuu. Kwa kuandika barua ilitosha. Kwa filamu ilikuwa mateso. Arusi ya saa moja ilitaka usiku mzima, na umeme ukikatika alfajiri, kazi yote imekuwa bure. Alikuwa amepoteza wateja wawili kwa kuchelewa. Tukamsaidia, tukapata dola 90, akaenda kununua kadi.

Aliichagua kwa akili. Alitwambia: «Baba Mkubwa, sanduku la umeme la mashini hii ni la wati 240 tu. Kadi kubwa zinataka waya wao wenyewe kutoka sanduku hilo. Nimetafuta kadi inayotosheka na umeme wa tundu lake, usiopita wati 75.» Hatukuelewa yote, lakini tuliona kwamba amepima kabla ya kukata. Siku ya kuitia alichomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha sanduku ili umeme mdogo ulio mwilini usiharibu vyombo, akaisukuma kadi taratibu mpaka ikaingia, akaifunga kwa skrubu.

Kulikuwa na shida moja. Kioo cha zamani kiliunganishwa kwa waya wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, na kadi mpya haikuwa na tundu la namna hiyo. Matundu yake yalikuwa ya HDMI na DisplayPort. Tulitafuta kioo kingine kilichokwisha kutumika, tukakiunga kwa waya wa HDMI. Mwishowe akaiwasha mashini, akatia programu ya kuendesha kadi. Picha zikatoka safi kama maji ya chemchemi. Filamu iliyotaka usiku mzima sasa ikaisha kwa muda wa saa mbili hivi. Nyumba yote ikafurahi.

Furaha hiyo haikufika usiku. Ilikuwa siku ya Mungu, na Nkambo alikuja na kiti chake. Kijana akafungua sauti ya mzee. Kimya. Akazungusha kitufe cha mabafle mpaka mwisho. Kimya. Akafungua wimbo wa arusi. Kimya vilevile. Nkambo alingoja kidogo, akauliza: «Hajaanza?»

Hapo hasira ilitushika. Twaona haya kuyaandika tuliyosema, lakini bila hayo habari hii haina maana. Tulimwambia kijana kwamba ameharibu sauti ya Baba kwa tamaa ya vitu vipya. Tulimwambia kwamba kama baba yake mzazi angalikuwa hai, angaliona haya kwa ajili yake. Tulisema hayo mbele ya wadogo zake. Yeye hakujibu neno. Alifunika mashini kwa kitambaa chake, akatoka nje.

Kwa nini tulikasirika hivyo? Kwa sababu siku ya posho iliyofuata ndugu zetu wangefika kutoka Kasenga. Mwaka huo ulikuwa wa 25 tangu Baba alipofariki, na wa mwisho kati ya ndugu zake alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyebaki ajuaye majina ya wazee wote. Tuliwaita tuyasikilize kwa kinywa cha Baba mwenyewe, vijana wayaandike. Na sasa kinywa hicho kilikuwa kimefungwa.

Kesho yake tulimwita fundi mmoja wa mjini. Hakukaa hata dakika tano. Alisema kwamba kadi mpya imekula umeme wa kadi ya sauti mpaka hii ikaungua. Tena kwamba Windows imechanganyikiwa. Dawa, alisema, ni kununua kadi ya sauti, kufuta vyote vilivyomo, na kuanza upya. Bei yake dola 60. Tukamwuliza: «Na sauti ya mzee wetu iliyo ndani?» Akajibu: «Sauti isiyolia ina faida gani?»

Jibu hilo lilionekana kwetu kuwa la mtu mwenye elimu. Tulidhani kwamba kitu kisichosikika kimekwisha kufa. Tukamwambia arudi siku ya tano, na fedha atazikuta.

Jioni ya siku ya nne kijana alikuja, akasimama mlangoni. Akasema: «Baba Mkubwa, nipe usiku wa leo tu. Kesho fundi akija na kuikuta bado kimya, afanye apendavyo. Lakini kufuta ni jambo lisilo na kurudi.» Tulimkubalia kwa nusu ya moyo, tukaenda kulala. Yaliyofuata tumeyapata kwake na kwa Nkambo, ambaye hakulala.

Kijana alichukua daftari la shule na kalamu. Akawaza hivi: sauti hupita njia, kama maji yapitavyo bombani. Huanzia katika faili, hupita katika programu, hufika kwenye chombo cha kuigeuza iwe umeme wa kusikika, hutoka katika tundu, hupita katika waya, huishia katika mabafle. Mahali fulani njia imekatika. Yafaa kuifuata hatua kwa hatua, na kila mara kujaribu jambo moja tu. Ukibadili mambo matatu pamoja, hutajua lipi lilikuponya wala lipi lilikuumiza.

Alianzia mwishoni. Aliyachomoa mabafle, akayaunga na simu yake. Yakaimba. Basi mabafle ni mazima. Aliyarudisha nyuma ya kompyuta, katika tundu la kijani, ambalo kwa desturi ndilo la kutolea sauti, akahakikisha limeingia barabara. Kimya. Alitazama ile picha ndogo ya kipaza sauti iliyo pembeni mwa kioo, asije akawa amefunga sauti pasipo kujua. Haikufungwa. Kisha akarudi mwanzoni. Alifungua faili ya mzee, akaona saa ya programu inahesabu: dakika ya kwanza, dakika ya pili. Basi faili inasomeka, haikufa. Njia ilikatika katikati.

Alibonyeza ile picha ya kipaza sauti kwa kitufe cha kuume cha kipanya, akatafuta orodha ya mahali pa kutolea sauti. Kabla ya hapo hakuwahi kuifungua, maana hakukuwa na haja. Akaona majina mawili. La kwanza lilikuwa la chombo cha sauti cha mashini yenyewe, kilichokuwapo siku zote. La pili lilikuwa geni. Na alama ya kijani, ile ya kusema «hapa ndipo», ilikuwa kwenye jina hilo geni. Kando yake kulikuwa na vijiti vidogo vya kijani vinavyopanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama kifua cha mtu anayesema.

Nkambo aliuliza gizani: «Waona nini?»

«Nkambo, naona mzee anasema. Sauti yake inapanda na kushuka hapa mbele yangu, lakini hatumsikii.»

Nkambo alifikiri. Kisha akasema: «Kama anasema, anasema na nani?»

Kijana alisoma tena lile jina geni, herufi kwa herufi. Akamulika kioo kwa simu yake. Chini ya kioo, katika ukingo wake, palikuwa na jina lilelile. Akainuka, akakigeuza kioo, akapapasa mgongoni mwake. Karibu na waya wa HDMI palikuwa na kitundu cha duara. Alichukua visikizi vyake vya masikioni, akavichomeka humo, akamvika Nkambo.

Mwanzoni hakusema kitu. Kisha akacheka. «Samaki,» akasema. «Amefika kwenye samaki.» Maana katika maneno yake Baba hueleza jinsi samaki wale walivyonuka njia nzima toka Kasenga, hata nguo zake zikakataa kutakata kwa muda wa mwezi.

Basi sauti haikupotea. Haikuungua, wala haikufutika. Kwa siku nne Baba alikuwa akisema kila tulipomfungua. Tulikuwa tumempeleka mahali pasipo na kinywa.

Tueleze sababu yake, kwa kuwa wengi watakutana na jambo hili. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kipaza sauti kidogo tu cha kutoa mlio. Aliyetaka nyimbo alinunua kadi ya sauti. Iliyopata sifa kubwa ni Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore. Baadaye waundaji waliutia uwezo huo katika ubao mkuu wa mashini, na watu wengi wakaacha kununua kadi ya sauti. Wakati huo picha na sauti zilikuwa na njia mbalimbali: picha zilipita katika waya wake kwenda kwenye kioo, na sauti katika waya wake kwenda kwenye mabafle.

Mwisho wa mwaka 2002 ukatangazwa mpango wa HDMI. Waya mmoja hubeba picha na sauti pamoja. Kwa televisheni ni jambo jema sana, maana televisheni ina vipaza sauti ndani yake. Lakini ili kadi ya picha iweze kupeleka sauti katika waya huo, yapasa iwe nayo hiyo sauti. Ndipo mwaka 2007 kampuni ya AMD ikatoa kadi za ATI Radeon HD 2000, ambazo ndani yake mna chombo cha sauti. Siku hizi karibu kila kadi ya picha ina chombo hicho. Kwa hiyo ukitia kadi mpya ya picha, umetia pia kadi ya pili ya sauti, hata kama hukuiomba wala hukuijua.

Programu ya kuendesha kadi ikiisha kuingia, Windows huona chombo kipya cha sauti, na mara nyingi huamua kwamba hicho ndicho cha kutumiwa. Kioo nacho, kwa njia ya waya, huiambia mashini: «Naweza kupokea sauti.» Ni kweli, chaweza kuipokea. Lakini vioo vingi vya kompyuta havina vipaza sauti. Vingine vina kitundu kidogo tu nyuma, kama chetu. Vingine havina hata hicho, na sauti huishia humo humo. Kwa hiyo hakuna kilichovunjika, wala hakuna aliyevunja.

Kuponya kulichukua muda mfupi kuliko kueleza. Kijana alibonyeza kwa kitufe cha kuume juu ya lile jina la zamani, akachagua maneno ya kukifanya chombo hicho kuwa cha kawaida. Alikuwa amesahau kwamba kitufe cha mabafle kimezungushwa mpaka mwisho. Sauti ya Baba ilijaa nyumba yote. Sisi tulishtuka kitandani, tukasimama pasipo kujua kama tumeota. Tulipofika sebuleni tulimkuta Nkambo na visikizi shingoni, na kijana amekaa sakafuni, kichwa mikononi.

Tulitaka kusema neno usiku ule. Hatukuliona.

Asubuhi kijana alimpigia simu fundi kumwambia asije. Kisha akaendelea kujaribu tundu moja moja, maana alitaka kuwa na hakika kabla ya wageni kufika. Akachomeka visikizi katika tundu la mbele la kompyuta. Kimya. Vilikuwa ni visikizi vilevile vya usiku. Basi si wao wabaya. Alichomoa umeme, akafungua sanduku, akatazama chini ya ile kadi mpya. Hapo kuna waya mwembamba utokao kwenye tundu la mbele kwenda kwenye ubao mkuu. Ulikuwa umechomoka nusu.

Angeweza kuurudisha na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, maana sisi hatukuwa tukilitumia tundu lile. Lakini alituita, akatuonyesha kwa kidole, akasema: «Baba Mkubwa, hili ni kosa langu. Nilipokuwa nikisukuma kadi, mkono wangu uliuvuta waya huu.» Akaurudisha, akafunga sanduku, na tundu la mbele likalia.

Maneno hayo yalituchoma kuliko kama angetulaumu. Yeye alikuwa ameungama kosa dogo ambalo halikumdhuru mtu. Sisi tulikuwa na kosa kubwa tulilolifanya mbele ya watoto wote, na tangu usiku tulikuwa tukitafuta namna ya kulipita kimya. Tukawaita watoto, tukamwita Nkambo. Tukamwambia kijana mbele yao: «Tulikuhukumu kabla ya kuuliza. Tulilitaja jina la baba yako kwa ubaya, naye hakustahili, wala wewe hukustahili. Tusamehe.» Alitazama chini, akasema: «Yamekwisha, Baba Mkubwa.» Nkambo akaongeza: «Hayajaisha. Mpe zile dola 60 ulizotaka kumpa yule wa kufuta.» Tulimpa.

Wasomaji wapenzi, sasa tupange mashauri kwa faida yenu.

Ukitia kadi mpya ya picha, na sauti ikakoma, usianze kwa kununua, wala kwa kufuta. Kwanza uyajaribu mabafle yako kwa simu au radio. Ya pili, tazama kama sauti haikufungwa, na kama waya uko katika tundu lake. Ya tatu, fungua orodha ya mahali pa kutolea sauti, uone alama iko wapi, ukairudishe kwenye chombo chako cha zamani. Mara nyingi taabu yote huishia hapo. Kama hutaki kabisa sauti ya kioo, waweza kuizima katika orodha hiyohiyo. Na usishangae siku moja jambo likirudi: programu ya kadi ikifanywa upya, yaweza kukichagua tena kioo. Utakuwa umekwisha kujua njia.

Kama chombo cha zamani hakionekani kabisa katika orodha, tafuta kwanza kama kimezimwa, kwa kuiagiza orodha ikuonyeshe hata vyombo vilivyozimwa. Kama bado, tazama kama programu yake imetiwa. Nayo ipo kwa mwundaji wa mashini yako. Kama bado, ingia katika mipango ya ubao mkuu, ile inayofunguliwa mara tu mashini inapowaka, kabla ya Windows, uone kama sauti haikufungwa huko. Mwenye kadi ya sauti ya peke yake atazame pia ndani: kadi za picha zilizo nene hufunika tundu la jirani, na mkono wa kuisukuma moja waweza kuilegeza nyingine.

Sauti ikiwapo lakini inakatika-katika na kutoa milio kama moto wa kuni mbichi, mara nyingi kosa ni la programu. Kijana wetu alisikia milio hiyo kidogo wakati wa filamu nzito. Aliiondoa programu ya zamani ya kadi, akatia mpya iliyotoka kwa mwundaji, ikakoma.

Juu ya yote, yatupasa kukumbuka shauri lile tuliloahidi kulirudia. Kitu unachokipenda kisikae mahali pamoja tu. Sauti ya Baba sasa iko katika kompyuta, iko katika diski iliyofungiwa sandukuni, na iko kwa dada yetu aliye Likasi. Kama tungalifanya hivyo tangu zamani, kompyuta ingalinyamaza bila kututia hofu, na bila hofu labda tusingalikosa adabu kwa mtoto wetu.

Siku ya posho ndugu wa Kasenga walifika, watu 14. Tukaketi uani, kijana akatoa mabafle nje. Baba akasema dakika zake 40. Alipofika kwenye majina, kila mtu alinyamaza, na vijana wakaandika: wa kwanza, wa pili, hata wa sita. Binamu yetu mmoja alilia aliposikia jina la babu yake, ambalo hakulijua.

Nkambo bado huja na kiti chake kila siku ya Mungu jioni. Lakini sasa, kabla ya kijana kufungua, humwuliza kwanza: «Leo anasema na nani?»

Naye hujibu: «Na wewe, Nkambo.»